Makala, mlima na ufukwe mweusi wa Tchegera

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiona neno makala, anawaza maandishi kama haya. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tukilisikia tunawaza mkaa. "Makala imepanda" kwetu ni habari ya jikoni, na mtoto wa mtaa wetu wa Majengo anajua kutofautisha makala nzuri na mbaya kabla hajajua kusoma. Naanzia hapo kwa sababu safari ninayotaka kuisimulia, ya mlimani na ya ufukweni ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwangu ilianzia kwenye gunia la makala.

Mama yangu aliuza makala kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikaa kando ya barabara, magunia mawili matatu nyuma yake, na mbele yake makala iliyopimwa kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha kazi. Alikuwa na kipimo chake. Anachukua vipande viwili, anavigonganisha karibu na sikio. Vikilia kama vigae, mti ulikuwa mgumu, moto utakaa mpaka maharagwe yaive. Vikitoa sauti ya kufa, mti ulikuwa laini au ulitolewa kwenye furu, tanuri la kuchomea makala, kabla ya wakati, na kopo lake litauzwa bei ya chini. Sikuwahi kumsikia akiuliza mti huo ulikatwa wapi. Wenye malori walitaja majina tu: Kibumba, Rugari, Rutshuru, wakati mwingine Masisi. Sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka ndani ya hifadhi au pembezoni mwake, na kila mtu mjini anajua. Pesa ya masomo yangu, tangu shule ya msingi hadi nilipotoka chuoni, ilipitia kwenye makopo yale.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Virunga ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, ikapewa jina la Virunga mwaka 1969, UNESCO ikaiandika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilomita za mraba karibu 7,800, kutoka huku kwetu kwenye Ziwa Kivu hadi theluji ya Ruwenzori. Nilipata alama zote kwenye mtihani huo. Lakini mguu wangu haukuwahi kukanyaga ndani, wala wa mama, wala wa jirani yeyote. Parki, tulisema, ni ya wazungu na walinzi. Wazungu wanaingia kuangalia gorila, walinzi wanaingia na bunduki, na wengine wanaoingia wanaingia usiku na mapanga.

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha, na zamu yangu ya likelemba, upatu wetu, ilifika mwezi wa saba. Nilikuwa nimepanga kununua meza na viti. Badala yake nikajiandikisha na wenzangu watatu kupanda Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, mwezi wa nane. Watalii walikuwa wamerudi tangu Februari, baada ya hifadhi kujifunga karibu miezi tisa kwa sababu ya usalama. Ulikuwa pia mwaka wa Ebola. Kila kona ya mji tulinawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa joto kwenye paji la uso, na pale Kibati, mahali njia inapoanzia, vilevile. Mama aliponiona nafunga begi aliuliza swali moja. "Unalipa pesa kwenda kuona kitu ambacho kilituchomea nyumba?"

Alikuwa na haki. Tarehe 17 Januari 2002, nilipokuwa na miaka tisa, ubavu wa Nyiragongo ulipasuka na lava ikashuka hadi mjini, ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Nyumba yetu ilikuwa njiani. Tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na maelfu ya wengine, na tuliporudi, mtaa haukuwa na sura. Mama alipata kiwanja Majengo, akajenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lilelile. Ukuta wa ua wetu ni lava. Jiko linakaa juu ya lava. Tumekulia juu ya mlima uliotufuata.

Njia ya kupanda ina kilomita kama nane, na kwa mtu asiyezoea ni saa tano au sita. Mwanzo ni msitu, kivuli na udongo mweusi unaoteleza. Kisha unatoka kwenye jua na kuanza kutembea juu ya lava ya 2002, mawe mepesi yanayosagika chini ya kiatu kwa mlio wa vyungu vinavyovunjika. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko wenzangu. Juu zaidi, karibu na kreta ya kale inayoitwa Shaheru, ufa wa mwaka ule bado unaonekana, na kwenye mwamba mvuke unatoka, wa joto, ukiweka mkono unalowa. Mlinzi mmoja alituambia tupumzike hapo kwa sababu mbele ndiyo kazi yenyewe. Kweli, sehemu ya mwisho inapanda kama ngazi isiyo na vipandio, baridi inaingia kwenye mifupa, na kileleni, mita 3,470, kuna vibanda vidogo vya kulala vilivyobandikwa ukingoni.

Ukingo huo sitausahau. Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na chini kabisa, mbali, lilikuwapo ziwa la lava. Nilitegemea kuogopa rangi. Kilichonishika ni sauti. Ilikuwa sauti ya mawimbi, ile ile ya Ziwa Kivu wakati wa dhoruba ikipiga mawe ya Kituku pale mjini, inakuja na kurudi, ila hapa kilichokuwa kinapiga ufukwe ni mwamba ulioyeyuka. Tulikaa usiku kucha tukipokezana mablanketi. Upande wa pili, chini, taa za Goma. Nikajaribu kutafuta Majengo.

Lakini tukio ninalolirudia kichwani kutoka safari ile lilitokea asubuhi yake, tukishuka, tulipoingia tena msituni. Mlinzi aliyetangulia alisimama ghafla, akaacha njia hatua chache, akainama. Kilikuwa kisiki. Alama za panga zilikuwa bado nyeupe, na kwenye majani kulikuwa na mabanzi yenye unyevu. Akagusa kwa kidole, akanusa. "Hii ni ya wiki hii," akasema, akaandika kwenye kidaftari, tukaendelea. Hakuna aliyezungumza. Mimi nilikuwa nasikia vipande viwili vikigonganishwa karibu na sikio.

Nilipofika nyumbani sikumwambia mama habari ya kisiki. Nilimweleza mvuke, baridi, ziwa la moto. Alisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo. Mwisho akasema, "Sasa mimi miguu yangu haiwezi kufika kule." Ndipo nikajua kwamba anataka kwenda.

Tchegera ni kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, kilicho ndani ya mipaka ya hifadhi. Umbo lake ni hilali, kwa sababu ni ukingo uliobaki wa kreta ya kale iliyozama. Ukiogelea ndani ya ghuba yake unaogelea ndani ya volkano. Tulienda mwanzoni mwa Januari 2020, mama akiwa na miaka 58. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Kwenye boti walimpa jile ya kuokolea, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, mpaka kijana wa boti akamfungia. "Mama, ushike hapa, usiogope, maji iko kimya leo."

Tulipita mbele ya mitaa ya Himbi na Keshero, kisha rasi ya Bulengo. Mama, ambaye ziwa hili alilijua kutoka nchi kavu na kwenye meli ya Bukavu tu, alianza kunionyesha mabonde ambako mazuku hukaa. Ni hewa inayotoka ardhini, kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inatulia kwenye mashimo na mabondeni hasa asubuhi kabla ya upepo, na mbuzi akiinama kula majani harudi kuinuka. Watoto pia wamekufa hivyo. Wanasayansi wa dunia nzima wamechukua neno letu hilo, mazuku, wanaliandika kama lilivyo. Na chini ya boti yetu mambo yalikuwa yaleyale kwa ukubwa mwingine: ziwa hili lina kina cha karibu mita 480, na kilindini mwake kuna methani na kaboni dioksidi nyingi iliyoyeyuka, imekandamizwa na uzito wa maji ya juu.

Hata ziwa lenyewe ni kazi ya mlima. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakapanda, na sasa yanatokea kusini, Bukavu, kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Nilimweleza mama hayo kwa sauti ya juu kushinda injini. Akatazama mlima, akatazama maji, akasema, "Kumbe ni mama na mtoto."

Ufukwe wa Tchegera ni mweusi. Punje zake ni ndogo kama pilipili manga, kavu juu, baridi chini, na maji yanayozigusa ni maangavu hivi kwamba unaona vidole vyako. Mama alivua ndara, akachota kiganja cha mchanga, akachagua punje mbili kubwa. Nilijua atakachofanya kabla hajafanya. Akazigonganisha karibu na sikio.

"Hii njo makala ya Mungu," akasema. "Alichoma kabla yetu."

Mahema yalikuwa yamepangwa yakitazama maji, na kulikuwa na kayaki za kuazima. Sitayaeleza zaidi, maana mama hakuyajali na mimi niliyasahau mapema. Tulichofanya ni kutembea. Kuna njia inayofuata mgongo wa hilali, upande mmoja ghuba iliyotulia, upande wa pili ziwa wazi, na mbele yako volkano zimepangwa: Nyamulagira iliyolala chini, Nyiragongo na moshi wake, nyuma Mikeno iliyochongoka na Karisimbi. Ndege mweusi na mweupe, mdiria, alikuwa anasimama hewani akipigapiga mabawa mahali pamoja, kisha anajiachia kichwa chini. Mama alimhesabia: mara saba amekosa, mara ya nane kapata.

Tulikuwa tumetembea kama robo saa nilipomwona amejaza mkono matawi makavu. Hakujua kwamba anaokota. Miaka hamsini ya mazoea, mkono unafanya wenyewe. Mlinzi aliyetusindikiza, kijana wa umri wangu, alimkaribia kwa heshima kabisa. "Mama, samahani. Hapa matawi tunaacha. Inalala hapo, inaoza, inakuwa udongo."

Mama aliyatazama kana kwamba mtu mwingine kamwekea. Akarudi nyuma njia ile ile, akaanza kuyaweka moja moja mahali alipoyaokota, au karibu na hapo. Mlinzi alimwambia inatosha, Mama, popote tu. Hakukubali. Alipomaliza akamuuliza, "Na ile ya juu, ya mulima, mbona inakatwa kila siku?"

Kijana alinyamaza. Halafu alieleza polepole, bila hasira, kwamba wanaokata hawako peke yao. Kuna wenye bunduki wanaotoza ushuru kwa kila gunia, na walinzi wakienda kuvunja furu wanapigwa risasi. Alitaja rafiki aliyeanza naye kazi. Alitaja mahali. Hifadhi hii imezika walinzi zaidi ya 200 katika historia yake. Mama aliuliza kama rafiki huyo aliacha watoto. Wawili. "Pole, mwanangu," akasema, akamshika mkono, na tukabaki tumesimama pale njiani, ziwa pande zote mbili. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi nauzisha makala."

"Najua, Mama," kijana akajibu. "Mama yangu pia anapikia hiyo."

Simwoni mama yangu kama mkosaji, na nasema hivi nikiwa na kisiki kile machoni. Mji wa watu wengi mno hauwezi kula bila moto, na ukimwambia mwanamke aache makala lazima umpe kingine cha kuweka chini ya sufuria. Mradi wa EcoMakala wa WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, ulioanza 2007, ulisaidia wakulima kupanda miti ya kuchoma nje ya hifadhi. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilichojengwa na hifadhi yenyewe, kina megawati 13 hivi, na umeme wake umefika hadi Goma. Hizo ndizo njia ninazoziamini, ingawa haziendi kwa kasi ya panga. Baada ya safari mama alianza kuwauliza wenye malori makala inatoka wapi, akataka ya karatusi za Masisi, zile za kupandwa. Wengine walimcheka. Alipoteza wateja kadhaa kwa sababu karatusi inaisha upesi kwenye jiko. Hakuacha kuuliza.

Mengi yamepita tangu hapo, na lazima niyataje, maana siandiki tangazo la utalii. Machi 2020 hifadhi ilifunga milango kwa sababu ya korona. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo, karibu na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, watu 17 waliuawa katika shambulio moja, 12 kati yao walinzi. Nilitafuta sura ya yule kijana kwenye picha zilizozagaa kwenye simu, sikuiona, nikamshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kwa shukrani hiyo. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ilipasuka tena. Lava ilifika Buhene, pembezoni mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na lile ziwa la moto nililolisikiliza usiku kucha likakauka. Tangu mwishoni mwa 2022 Kanyaruchinya, tuliyoipita tukienda Kibati, ikawa bahari ya mahema ya waliokimbia vita, na rasi ya Bulengo vilevile. Waliokuwa na njaa walikata miti kupika. Januari 2025 vita viliingia mjini, waasi wa M23 wakauchukua, na Aprili hiyo hifadhi ilitimiza miaka 100. Siku hiyo nilifungua simu kutazama picha za Tchegera.

Ipo moja niliyoipiga alfajiri ya siku ya kuondoka. Usiku tulikuwa tumekaa nje hadi saa sita. Juu ya Nyiragongo mawingu yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa usiku mwingi wa utoto wangu, na ziwani taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, zilikuwa zimetawanyika, nyingi kuliko nyota. Sambaza yenyewe ni mgeni Kivu. Ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna meza ya Goma isiyoijua. Mama aliniambia hajawahi kuziona taa zile kutoka huku. Kutoka Kituku unaziona zikiwa mbali. Hapa walikuwa karibu, tukawasikia wakikohoa.

Alfajiri niliamka nikakuta nafasi yake tupu. Nilitoka nje haraka. Alikuwa majini, kitenge kimefungwa juu ya magoti, amesimama akitazama chini. Kwa miaka yote niliyomjua, mama aliingia ziwani kwa jambo moja tu: kuchota. Bidoni ya njano, lita ishirini, inainamishwa mpaka imalize kugugumia, inafungwa, inapanda mgongoni. Sasa mikono yake ilikuwa mitupu na haikujua ikae wapi. Akaiweka kiunoni. Akaishusha. Mwisho akainama na kuiacha ielee juu ya maji, viganja chini, vidole vimeachana, kama anayepima joto la mtoto.

Wavuvi walikuwa wanarudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia kwa kasia. Walipomwona wakakatisha wimbo kumsalimu. "Jambo, Mama!"

"Jambo, batoto! Imetoka?"

"Imetoka, Mama!"

"Kopo ni ngapi?"

Wakaangaliana, wakacheka, na mtumbwi wa mbele ukaanza kugeuka kuelekea kwake.